KWENYE MKOBA WA MHARIRI: Rosa, Aya na mwezi wa korosho

  Waliozoea ukurasa huu wanajua utaratibu wetu: kila mwezi nafungua mkoba, namwaga mezani vitabu nilivyosoma, nakwambia kipi ukinunue, kipi ukaazime kwa shosti wako na kipi umwachie adui. Sijalipwa na mchapishaji yeyote. Natamani wangejaribu, lakini bado.

Mwezi huu mkoba umerudi na mchanga ndani. Oktoba nzima nilikuwa likizo kwa mama, Mkunya, wilayani Newala. Mama alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho na masharti ya daktari yalikuwa makali: asiiname, asinyanyue kitu kizito, asikae kwenye moshi, akae mbali na vumbi. Sasa wewe jaribu kumwambia mwanamke wa Newala asiiname mwezi wa Oktoba! Korosho haisubiri jicho la mtu. Ikidondoka inaokotwa, inatenganishwa na bibo lake, inaanikwa, inapelekwa chama cha msingi ikiwa kavu, maana mnada haujui kama nyumbani una mgonjwa. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuokota. Ya pili, iliyokuwa ngumu kuliko ya kwanza, ilikuwa kumfanya mama akae kitini.

Nilimkalisha kwa vitabu.

Nyumbani tulikuwa watatu na nusu. Mama, mimi, na binti wa dada yangu mwenye miaka 19. Hiyo nusu ni mwanawe wa kiume, mwaka mmoja na miezi kadhaa, ambaye alitafuna ukurasa wa Kusadikika kabla sijamwahi. Kwa mila zetu mtoto wa dada yangu ni mwanangu, mjadala hakuna. Amenipa ruhusa nimwandike kwa masharti mawili: nisitaje jina lake, na niseme wazi kwamba sehemu kubwa ya vitabu vya mwezi huu yeye ndiye aliyevisoma kwa sauti, mimi nilikuwa nasikiliza huku mikono iko kwenye mabibo. Haya, nimesema.

Binti huyu alikatisha masomo Kidato cha Pili kwa ujauzito. Ninyi mnaofuatilia habari mtaniambia kwamba tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu wanafunzi waliojifungua kurudi darasani, na ni kweli kabisa. Geti lilifunguliwa. Lakini kutoka kwenye mkeka wa bibi yako hadi kwenye geti la shule kuna safari, na safari hiyo inaanza pale mtu mmoja anapouliza, "Sasa mwanangu, tunafanyaje?" Swali hilo nyumbani kwetu halikuwa limeulizwa. Bibi na mjukuu waliongea habari za maji, chumvi na homa ya mtoto. Hawakugombana hata siku moja. Afadhali wangegombana, ningejua pa kuanzia.

KESI YA VIBONZO

Kabla sijaendelea, nina kesi na baadhi yenu. Kila nikitaja vibonzo kwenye ukurasa huu napata ujumbe wa aina moja: "Mhariri, mtu mzima na shahada yako unasoma katuni?" Ndiyo, nasoma. Tena nasoma polepole, nikirudia.

Hebu tukumbushane tulikotoka. Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru, tangu miaka ya 1960, aliwachekesha wazazi wetu mambo ambayo hotuba zisingethubutu kuyagusa. Kisha likaja Sani, na nani kati yetu hakusoma Sani kwa kujificha? Lodi Lofa, Madenge, Pimbi, Ndumilakuwili, Kipepe: hao walikuwa ndugu wa mtaani. Kuna Kingo wa James Gayo. Jirani zetu Kenya wakatoa Shujaaz mwaka 2010, kwa Sheng ya vijana wenyewe. Na huku kusini tulikuwa na SiMchezo! ya Femina, iliyoanza mwaka 2003 kwa ajili ya vijana wa vijijini, hadithi zake zikisimuliwa kwa picha za watu wa kawaida kabisa, wamevaa kandambili kama sisi. Mama ana nakala zake sita hadi leo, ziko sandukuni chini ya kanga za heshima. Vitabu vyangu vya chuo alivifungia maandazi.

Nje ya kwetu watu walishamaliza ubishi huu zamani. Mmarekani Art Spiegelman alichora maisha ya baba yake, Myahudi aliyenusurika kambi za Wanazi, Wayahudi akawachora panya na Wajerumani akawachora paka. Kitabu kinaitwa Maus, na mwaka 1992 kilipewa tuzo maalumu ya Pulitzer. Panya wale wamewaliza watu wazima wenye ndevu. Vitabu vya namna hiyo, vyenye hadithi nzima ndefu ndani ya vibonzo, mimi naviita riwaya za picha na sioni haja ya jina lingine.

Kwa kuwa nilikuwa Newala, usiku mmoja mtandao ulipokuwa na huruma nilipakua kwenye simu kitabu cha Karl Weule. Huyu ni Mjerumani, mtu wa makumbusho ya Leipzig, aliyekuja kwenye uwanda wetu wa Makonde mwaka 1906, moshi wa Maji Maji ukiwa bado haujatulia. Alikaa Newala, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1908, na mwaka uliofuata kikatolewa kwa Kiingereza. Mh! Jamaa ana majivuno ya mtawala, kuna kurasa nilitamani kuirusha simu dirishani. Lakini alifanya jambo moja ambalo namshukuru nalo: aliwapa wapagazi wake na wenyeji penseli na karatasi, akawaacha wachore walivyojua wao, kisha akaichapa michoro yao kitabuni. Msafara wa wapagazi umo, umechorwa na mmoja wa waliobeba mizigo yenyewe. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, watu wa njia hizihizi walishasimulia safari yao kwa picha.

Nikamwonyesha mama, nimekuza picha mpaka ikajaa kioo chote, maana jicho lilikuwa bado changa. Akaangalia sana. Akauliza swali moja tu: "Na hao waliochora, walilipwa shilingi ngapi?" Zilikuwa rupia enzi hizo, lakini swali liko palepale.

AYA WA YOPOUGON

Sasa tuje kwenye kitabu cha mwezi. Kinaitwa Aya, kimeandikwa na Marguerite Abouet, dada aliyezaliwa Abidjan mwaka 1971 na kuhamia Ufaransa akiwa na miaka 12. Michoro ni ya Clément Oubrerie. Kilitoka kwa Kifaransa mwaka 2005, mwaka uliofuata kikapata tuzo ya kitabu cha kwanza kwenye tamasha kubwa la vibonzo la Angoulême, na mimi ninacho cha Kiingereza, juzuu mbili za mwanzo. Nilikinunua kwa bei ambayo sitaitaja, maana mume wangu naye anasoma gazeti hili.

Ni mwaka 1978, mtaa wa Yopougon, Abidjan. Ivory Coast ina pesa, vijana wana suruali pana na nywele za mviringo, na kuna mabinti watatu marafiki. Aya anataka kuwa daktari. Wenzake wawili, Adjoua na Bintou, wanataka dansi na wanaume. Baba yake Aya ni muuza bia wa kampuni, na ndoto yake ni kumwoza Aya kwa Moussa, mtoto wa bosi wake, kijana ambaye akili zake zilipotelea kwenye gari la baba. Usiku soko likifungwa, meza za wauza mboga zinageuka kuwa mahali pa wapendanao, na watoto wa mtaa wanapaita Hoteli ya Nyota Elfu. Umeelewa. Mama alielewa kabla hata sijamaliza kutafsiri, akajifunika mdomo kwa upande wa kanga, mabega yanatikisika.

Lakini ngoja nikwambie binti alikuja vipi kwenye kitabu hiki, maana siku tatu za kwanza hakutaka kusikia. Nilimwambia, "Njoo tusome." Akanijibu kwa adabu kabisa, "Mama mdogo, mimi mambo ya kusoma yameshanipita." Nikanyamaza. Kitabu nikakiacha juu ya kiti, jalada juu, nikaenda kununua maji. Niliporudi na madumu, mtoto amelala mgongoni mwake na yeye amesimama wima anafungua kurasa. Kiingereza kilimsumbua, ila picha hazina mtihani. Aliona Adjoua ana kichefuchefu. Aliona uso wa mama yake Adjoua. Akaniuliza, "Huyu ana mimba, eeh?"

Naam, Adjoua ana mimba. Anamtaja Moussa, mtoto wa tajiri, na tajiri analazimika kufunga ndoa huku amenuna kama aliyemeza limau. Kisha mtoto anazaliwa, na ndugu wa mume wanamwinamia wakitafuta sura ya ukoo wao, pua hii ya nani, sikio hili la nani, hawaioni. Sitasema sura ni ya nani. Nitasema tu kwamba usiku huo mama alikataa kwenda kulala mpaka ajue.

Kinachonipendeza kwa Abouet ni kwamba hahubiri. Adjoua hakuoneshwa kidole na mwandishi hata mara moja. Wanamsema mtaani, wanamcheka, baba anafoka, halafu maisha yanaendelea: mtoto analia, Aya anaachiwa ambebe, mwenye mtoto anatafuta pesa kwa kuuza vitafunwa vya ndizi vya kukaangwa. Oubrerie naye anachora mitaa ya vumbi kwa rangi za machungwa na bluu mpaka unasikia joto. Na mwisho wa kitabu, jamani, kuna kurasa za nyongeza: namna ya kufunga vitenge, namna ya kutembea kwa kuringa, namna ya kupika mchuzi wa karanga. Tuliupika. Karanga si shida kwetu. Tuliula na ugali wa muhogo, na mama akatoa hukumu kwamba watu wa Abidjan wamejaribu. Kuhusu ufungaji wa vitenge alisema walichonacho wao sisi tulikuwa nacho kwenye unyago kabla mwandishi hajazaliwa, akaagiza kanga iletwe, akatufundisha mtindo mmoja ambao ofisini siwezi kuuvaa. Binti alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu nishuke kwenye basi.

VILIVYOPITA HARAKA

Kusadikika cha Shaaban Robert, cha mwaka 1951, nilikirudia nusu. Ile nchi ya angani na kesi ya Karama aliyethubutu kuwafundisha watu sheria bado ina meno, lakini kwa sauti, jioni, wajumbe wale wanasafiri mmoja baada ya mwingine na mama alisinzia kwa wa tatu. Kisome peke yako asubuhi, na kahawa.

Peponi ni tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Nobeli ya fasihi mwaka 2021. Aliyetafsiri ni Ida Hadjivayanis, na kilitolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Gurnah wa Kiingereza niliwahi kumsoma nikaona ni mwandishi mzuri. Huyu wa Kiswahili nilimwona ni jirani. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri Aziz aliyezoea kumwona kama ndugu, kumbe baba yake amemweka rehani kwa deni. Hiki nilikisoma usiku peke yangu, na nilikiweka chini mara mbili nikaenda kumtazama mtoto aliyelala. Kinaishia na askari wa Kijerumani, na vita vile vilikuja kupita hukuhuku: Novemba 1917 Lettow-Vorbeck na jeshi lake walipita Newala kabla ya kuvuka Ruvuma. Ukisimama Shimo la Mungu, pale ukingoni mwa mji wa Newala, ukatazama chini kwenye bonde, unaiona njia yenyewe. Kinunue.

Vuta N'kuvute cha Adam Shafi, cha mwaka 1999, nawakumbusha tu wapendanao. Yasmin anaozwa akiwa bado mtoto kwa mzee Raza, anatoroka, anakutana na Denge anayehangaikia uhuru wa Zanzibar. Amil Shivji alikitengenezea filamu mwaka 2021. Mmoja asome, mwingine aangalie, kisha mbishane nani kaona Yasmin wa kweli. Ni mtoko wa bei nafuu kuliko chipsi kuku.

Kimoja sikukimaliza, riwaya ya mapenzi kutoka nje iliyoachwa na mgeni kwenye nyumba ya kulala wageni. Kurasa 60 na hawajashikana hata mkono. Nimeiacha Masasi stendi, mwenye subira ataiokota.

ROSA

Juzuu za Aya zilipokwisha, mama akasema maneno ambayo sikuyategemea. "Sasa lete kitabu chenye maneno. Lete kile walichotukataza."

Alimaanisha Rosa Mistika. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alikitoa mwaka 1971 akiwa na miaka 27, na kwa muda kilipigwa marufuku shuleni. Mama alikuwa mtoto wa shule ya msingi miaka hiyo. Kitabu hakuwahi kukishika. Alichoshika ni ile habari kwamba kuna kitabu ambacho msichana hatakiwi kukisoma, na alikaa nayo zaidi ya miaka 50. Bahati nzuri kilikuwa mkobani. Natembea nacho, wengine wanatembea na picha ya mchumba.

Kwa wasiokijua: Rosa ni binti wa Zakaria, baba mlevi mwenye mkono mwepesi wa kupiga na jicho la kulinda binti zake kama mfungwa. Rosa anaandikiwa barua na mvulana. Baba anaikamata. Kipigo kinachofuata nilikisoma mara ya kwanza nikiwa sekondari na nikakisoma tena chuoni, na bado sijakizoea. Baadaye Rosa anakwenda kusoma mbali na baba, na yule mtoto aliyefungiwa ndani anakutana na dunia bila kufundishwa hata neno moja juu yake. Kezilahabi anaandika kwa sentensi fupi, kavu, kama mtu anayetoa ushahidi polisi. Hakuna mapambo. Ndiyo maana kiliwatisha wakubwa.

Nilianza kukisoma mimi. Jioni ya pili simu za ofisini zikaanza, nyie mnajua, jalada halijapita, tangazo limechelewa, na nilipogeuka binti alikuwa amekichukua kwenye mapaja yangu na anaendelea kusoma pale nilipoachia. Anasoma vizuri. Sauti haitetemeki, nukta anazijua, na Zakaria alimpa sauti ya mjumbe wetu mmoja wa zamani kiasi kwamba mama alilazimika kumkumbusha adabu.

Alipofika kwenye kipigo hakubadilisha sauti. Akasoma mpaka mwisho. Mama akasema, "Hapo pumzika." Tukakaa. Mbali huko kuna watu walikuwa wanapiga ngoma ya jando. Kisha mama akasema, akiwa anaangalia uani wala hamtazami mtu, "Mimi barua sikuona. Ningeiona, ningefanya kama huyu mzee."

Binti akajibu, "Haikuwa barua, bibi. Ilikuwa simu."

Sikujua nicheke au nishike roho. Mama ndiye aliyecheka, kicheko kifupi cha puani, akasema, "Basi na simu ningeipiga fimbo." Na hapo, mpenzi msomaji, ndipo walipoanza kuongea. Mjukuu alimweleza bibi yake ni nani aliyempa ile simu, aliificha wapi (ndani ya debe la mbegu za choroko, na mimi nililala chumba hicho likizo nzima ya mwaka ule), na lini alijua kwamba siku zimepita. Bibi alimweleza mambo ya mwaka ambao yeye mwenyewe alichezwa unyago, walichoambiwa na ambacho hawakuambiwa. Hayo siyaandiki. Niliingia ndani nikajifanya natafuta kiberiti.

Tulimaliza Rosa kwa jioni tano. Kitabu kina zaidi ya nusu karne kwa hiyo siharibu siri: Rosa anakufa, na anajiua mwenyewe. Nina ugomvi wangu na Kezilahabi hapo, na marehemu anisamehe, maana alitutoka Januari 2020. Hasira yake kwa Zakaria naiamini kila mstari. Lakini bili analetewa Rosa. Msichana anaharibiwa na baba, wanaume wanapita wanachukua chao, na hesabu ikifungwa anayelipa kwa uhai ni yeye. Najua watetezi wake watasema ndivyo dunia ilivyokuwa na mwandishi alikuwa anaionesha tu. Pengine. Ila nilikuwa nimekaa mita moja kutoka kwa binti aliyekuwa anausoma mwisho huo kwa sauti, na hoja hiyo niliiona nyepesi.

Alifunga kitabu. Akauliza, si mimi, bibi yake: "Kwa nini yule wa Abidjan hakufa?"

Mimi na shahada yangu ya mawasiliano nilikuwa nimeshafungua mdomo kueleza kwamba huyu mwandishi ni mwanamume na yule ni mwanamke, kwamba kimoja ni tanzia na kingine ni kichekesho. Mama akaniwahi. "Yule mtoto wake walimpokea," akasema. "Walinuna, lakini walimpokea. Si ulimwona Aya anavyombeba?" Akamwangalia kwa lile jicho jipya. "Na wewe huyu nani alimpokea?"

"Wewe, bibi."

"Haya. Sasa unaogopa nini kurudi shule?"

Swali hilo nililisubiri miezi kumi na tisa, na lilikuja saa tatu usiku, umeme umekatika, mtoto anatafuna kona ya jalada la Kezilahabi.

Jibu halikuwa rahisi kama nilivyodhani. Waraka aliujua kuliko mimi. Anachoogopa ni kukaa darasani na watoto waliokuwa nyuma yake, sare kubana kifuani, na maziwa kuvuja wakati wa hesabu. Hilo la maziwa hakuna mkutano wowote wa elimu ya msichana niliohudhuria ambako nililisikia likitajwa, na nimehudhuria mingi, ile ya chai na sambusa. Tukaliweka mezani kama lilivyo. Mtoto ataachishwa taratibu. Darasa la kutwa hataki. Kuna njia ya QT, mtihani wa maarifa, kwa wasiomaliza Kidato cha Pili, akifaulu anaendelea mpaka mtihani wa Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Anasoma jioni, asubuhi yuko na mwanawe. Mama akasema gunia moja la korosho za msimu huu ni la ada, na kwamba asisikie mjomba yeyote akilitolea macho gunia hilo. Mjomba mmoja alikuwepo. Alitazama pembeni.

Mengine ni ya kawaida. Jicho la mama limepona vizuri na ameshaanza kuinama, hakuna wa kumzuia. Rosa Mistika imebaki kwake, anasema anamrudia Zakaria polepole ili amchukie sawasawa. Juzuu ya tatu ya Aya niliitafuta Dar kwa wiki mbili, nimeipata, imepanda basi la Jumatatu pamoja na dawa ya matone na kamusi ya Kiingereza, maana binti ameniambia safari hii nisitafsiri, atajaribu mwenyewe na akikwama atapiga simu. Fomu ya kituo ilitaka picha mbili za pasipoti. Amekwenda kupiga Newala mjini. Ya kwanza alitoka amefumba macho, ikabidi arudie.

Tukutane mwezi ujao.